Marehemu Aliyehudhuria Kikao Chake

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako kaka Okinyi,

Kabla ya salamu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nisipoliandika hapa mwanzoni najua nitajaza kurasa mbili kwa habari za nyumbani kisha nifunge bahasha. Mfuko wa dadu uko chini ya kitanda changu. Ni ule ulioniachia asubuhi ya kuondoka, ukasema, "Amolo, sasa msimulizi ni wewe." Jumamosi iliyofuata Ng'ang'a, Tiffany na Kawsar walikuja mlangoni kuuliza mchezo utaendelea lini, nami nikawaambia umeenda na mfuko shuleni. Nilisema hivyo nikiwatazama machoni. Tiffany akasikitika, akasema basi, Okinyi amefungia ulimwengu mzima kwenye sanduku la bati.

Sasa salamu. Sisi wazima. Mguu wa nyanya yetu Dani umepungua uvimbe na ameanza tena kwenda kanisani bila mkongojo, ingawa anaubeba ili apate wa kumwonea huruma. Baba amebadilishiwa zamu, siku hizi tunamwona asubuhi tu. Nyumba yenu ina watu wapya, wamepaka mlango rangi ya kijani. Mama yako aliongea na Dani kwa simu, akasema huko Ugunja mvua haijanyesha. Je, wewe unalala vizuri? Chakula kikoje?

Narudi kwa mfuko. Unajua darasani nikiambiwa nisome kwa sauti nini hutokea. Mstari wa kwanza husikika, wa pili husikika na jirani, wa tatu nausikia mimi peke yangu. Wiki jana mwalimu wa Kiswahili aliniambia niketi kabla sijamaliza aya, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza. Mtu kama mimi atawaongozaje watu ndani ya kasri la kutisha?

Lakini kuna tatizo lingine. Ijumaa nilipita karakana kwa fundi Wathome. Kona yetu ya mchezo iko vile vile, na ile meza kubwa ya kupigia randa ameipangusa. Aliniuliza huu mchezo wenyewe ni kitu gani hasa, maana ametukodolea macho miaka miwili bila kuelewa. Nikamweleza kwamba mmoja anasimulia na wengine ni watu walio ndani ya hadithi. Wao wanasema watafanya nini, na dadu ndiyo huamua kama wamefaulu. Akafikiri, akasema, "Kumbe ni uongo wa watu wengi kwa pamoja." Halafu akaniambia kwamba alitupatia kona kwa sababu ulikuwa unamsaidia kupiga msasa, na kwamba kona isiyokaliwa na watu hukaliwa na mbao. Atangoja hadi mwisho wa Machi. Akiona watu watano kila Jumamosi, kona ni yetu. Wasipokuwepo, ataleta mbao za mvule.

Nakuomba unipe ruhusa nimkabidhi Ng'ang'a mfuko. Yeye ana sauti.

Ni mimi dada yako,
Amolo


Shuleni, Siaya
Jumapili, 2 Machi 2025

Amolo, mwongo wa ukoo,

Barua yako ilikaa kwa naibu wa mwalimu mkuu siku tisa. Huku barua zote zinazoingia husomwa, naye alipoona maneno "mfuko wa dadu" akadhani nacheza kamari. Aliniita ofisini nikamweleza mchezo wote, nikiwa nimesimama. Alisoma barua yako mara ya pili, akavua miwani, akaniuliza, "Sasa huyu msichana aliishia kumpa nani?" Nikamwambia, mwalimu, hata mimi nasubiri kujua.

Nisalimie Dani, mwambie mkongojo auache nyumbani, uzee hauigizwi. Nisalimie Baba Mdogo na Mama Mdogo. Huku maharagwe yana wadudu, lakini wadudu wenyewe wameiva. Umeuliza kama nalala vizuri. Kitanda ni cha chuma, na mimi niko cha juu.

Ruhusa nimekunyima. Manze, Ng'ang'a akishika ule mfuko kila mtu atakuwa amekufa kufikia saa tisa na nusu. Nampenda, lakini hana subira hata ya kungoja chai ipoe.

Sikiliza, nikwambie ukweli kuhusu sauti. Mimi nilikuwa napiga kelele kwa sababu niliogopa watu watanichoka. Nilifikiri nikinyamaza kidogo tu watakumbuka kwamba mimi ni Okinyi wa nyumba namba kumi na nne, si mtemi wa kasri. Wewe huna haja ya kelele. Sema polepole, kwa sauti uliyo nayo, waache wao wasogee. Ukikwama, waulize tu, "Mnafanya nini?" Watu wakiulizwa hivyo hufanya kazi yako yote.

Daftari langu liko ndani ya mfuko huo huo. Kasri la Mtemi Vorga limo, lina theluji, mbwa mwitu na vyumba ishirini na viwili. Lianzishe. Na ile dadu ya mbao ya pande kumi na mbili aliyoichonga Wathome usiitumie kwa mambo makubwa, inapenda saba kupita kiasi.

Uliza lolote, nitajibu.

Okinyi


Kaloleni
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwako kaka Okinyi,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Dani anasema mkongojo hauachi, na kwamba wewe ukirudi utaonja jinsi unavyofanya kazi. Mama amepata kibanda karibu na soko la Burma, anauza uji na viazi vitamu. Mimi nilipata alama themanini na moja katika Historia.

Nilianzisha mchezo Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Kwanza niliwaambia ukweli kuhusu mfuko. Tiffany alinitazama kwa muda, akasema, "Wiki saba, Amolo. Nimekaa wiki saba nikiosha vyombo Jumamosi kwa sababu yako." Kisha akavuta kiti.

Kaka, ilikuwa aibu. Nilifungua daftari lako nikaanza kusoma habari za theluji inayoanguka juu ya minara. Ng'ang'a akauliza theluji inanuka vipi. Sikujua. Kawsar, ambaye alikuwa ameleta karatasi nzuri ya kuchorea ramani kutoka dukani kwa mjomba wake Eastleigh, akataka kujua kasri lina vyumba ishirini na viwili na anaishi mtu mmoja, sasa nani hupiga deki. Mbwa mwitu walipolia, Ng'ang'a alilia vizuri kuliko wao. Nikazidi kusoma haraka, na kadiri nilivyosoma haraka ndivyo sauti ilivyoshuka. Tiffany akasema, bila ubaya, "Amolo, ongea, hatukusikii." Dadu ikaanguka ndani ya maranda ya mbao, na tukatumia robo saa kuitafuta. Fundi Wathome alikuwa ameegemea mlango. Nilijua anawaza mbao zake.

Hapo nikafunga daftari. Nisamehe. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa tu natafuta mahali pa kutazama pasipo na uso wa mtu. Nikatazama jeneza lililo nyuma ya kabati, lile la mwerezi lenye vishikio vya shaba. Unalikumbuka? Liliagizwa Oktoba, likalipiwa, na mpaka leo hakuna aliyekuja kulichukua. Nikasema, kwa sauti ile ile yangu ya mstari wa tatu, kwamba katika mji wa Kedi kulikuwa na fundi aliyetengeneza jeneza ambalo halikuchukuliwa. Na kwamba mwenye jeneza hilo alikuwa bado yuko nyumbani, kando ya reli.

Okinyi, walisogea. Ulisema watasogea na walisogea. Ng'ang'a aliweka viwiko mezani, Kawsar akaacha kuchora. Sikupandisha sauti hata kidogo.

Nikaendelea hivi. Kuna nyumba ya mawe, ya Bwana Zerafi, aliyekufa miaka tisini iliyopita. Alipokufa wazee wa ukoo waliketi sebuleni kukubaliana azikwe wapi. Hawakukubaliana jioni ile, wala ya pili. Wakafa mmoja mmoja wakiwa vitini, na kikao hakikuahirishwa. Kila jioni chai humiminwa, kila jioni yanasemwa yale yale. Naye Bwana Zerafi hukaa mwisho wa chumba, amevaa suti ya kuzikiwa, akiwasikiliza wanavyomjadili. Kiti kimoja huwa kitupu. Mpita njia akikikalia anakuwa mwanakamati, na hatoki mpaka kamati ikubaliane.

Niliwaacha wakichungulia kwenye tundu la ufunguo. Niliposema tumalizie hapo, hakuna aliyeinuka. Tiffany alisema, "Mimi leo sipiti nyuma ya lile kabati," na kweli akazungukia upande wa pili kuchukua mkoba wake.

Jana walikuja sita. Ng'ang'a alileta binamu zake wawili, na Kawsar akaja na jirani yake Waithera, msichana wa darasa la tisa ambaye hasemi kabisa. Fundi Wathome alihesabu kwa kidole, mimi nikiwa wa saba, akaenda zake. Mbao za mvule ameziegemeza nje.

Kona imepona, kaka! Niandikie upesi uniambie kama hadithi ni nzuri. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha.

Amolo


Kaloleni
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwako kaka Okinyi,

Hatujambo. Dani anakusalimu. Mama anakusalimu. Mvua imeharibu paa la jikoni na Baba ameliziba kwa bati la zamani.

Tangu Machi sijapata barua. Likizo ya Aprili tulipopiga simu kwa mama yako ulikuwa shambani, mara nne, hata ile siku tuliyopiga mvua ikinyesha. Nilidhani umechoka au shule imekubana. Sikuelewa.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nachambua sukuma na Dani, akaniuliza ni nini tunachofanya kwa Wathome, maana akina mama wa kanisa wamemnong'oneza kwamba watoto wanaita mashetani kwenye majeneza. Nikamsimulia hadithi ya Bwana Zerafi, nikijua itamfurahisha. Aliacha kisu. Akaniuliza, "Nyakwara, mjukuu wangu, hiyo sebule ni ya nani?"

Ndipo nikaona. Naapa, kaka, sikuwa nimeona. Nilidhani nimeibuni kutokana na jeneza la mwerezi. Baba Mkubwa, baba yako, alikaa mochari wiki tano, na kila jioni wazee walikuja kwenu kujadili, kwa kuwa hakuwa amejenga boma lake nyumbani Ugunja, na hawakuelewana azikwe wapi ndani ya lile la babu. Mpaka akazikwa makaburini Lang'ata, hapa hapa Nairobi, na watu wachache, na toka siku hiyo hakuna anayelitaja jambo hilo mezani. Dani husema tu, "Nilishindwa kumpeleka mwanangu nyumbani," na hulisema akidhani hatusikii. Mimi nikalichukua hilo nikalifanya mchezo, nikakuandikia kwa furaha, nikakuomba uniambie kama ni zuri.

Nisamehe. Sina neno lingine.

Sasa nakueleza hali ilivyo ili uamue. Wachezaji bado hawajafungua mlango wa sebule. Tangu Dani aniulize nimekuwa nikiwazungusha: stoo, bustani, kisima, dari. Wanajua nawazungusha. Tulikuwa tisa, jana tulikuwa watano, na Ng'ang'a alipiga miayo kama mlango wa gereji. Jumamosi moja zaidi ya hivi na mbao zitaingia. Nikiufungua mlango, nimekuumiza tena. Nisipoufungua, meza yako imekufa mikononi mwangu. Na hata nikiufungua sijui kilicho ndani. Tiffany anataka kumkata Bwana Zerafi kichwa, ndivyo inavyofanywa katika hadithi za namna hii, lakini kila nikiwaza hivyo naona vibaya.

Ukiniambia niache, nitaacha Jumamosi hiyo hiyo, na sitakulaumu maisha yangu yote.

Amolo


Shuleni
Jumapili, 8 Juni 2025

Amolo,

Nisalimie wote. Mimi mzima.

Barua yako ya Machi niliisomea bafuni, na sikutoka hadi kengele ya pili. Nilikasirika. Halafu nikaisoma tena Aprili, nikiwa shambani kama mlivyoambiwa, na nikajikuta nataka kujua kilicho nyuma ya mlango. Hapo nikajikasirikia mimi mwenyewe. Ndiyo sababu ya kunyamaza. Si kwamba nilikuchukia.

Nitakuandikia jambo moja na usimwambie mtu.

Zile jioni zilikuwa thelathini na nne. Mimi ndiye niliyemimina chai. Mama alikuwa chumbani na akina mama, mimi nikawa na birika. Nilijua nani anataka tangawizi na nani haitaki. Walizungumzia boma, mpaka, nani alimkosea nani mwaka gani, gari litapitia wapi. Baba alikuwa hajafa kabisa kwangu, nilimwona amekaa pale mwisho akiwasikiliza. Kwa hiyo ukisema ulibuni, ulibuni vizuri mno.

Septemba, kabla hajalazwa, tulikuwa tumekaa kwenye ngazi, treni ya jioni ikapita. Akaniambia, "Okinyi, mimi nimezaliwa Kaloleni na reli ndiyo iliyonilisha. Siku yangu ikifika msinibebe mbali." Alisema hivyo tu, kisha akaniuliza habari za mpira.

Nilikuwa na jibu lao mfukoni jioni zote thelathini na nne. Nilingoja mmoja aulize marehemu mwenyewe alitaka nini. Kijana haingilii wazee wakizungumza, hilo umefundishwa na mimi nimefundishwa. Hakuna aliyeuliza. Mwishowe alizikwa Lang'ata kwa sababu walichoka, na wote wakaondoka wameinamisha vichwa kana kwamba wameshindwa, hali walikuwa wamefanya alichotaka. Nami sikusema hata hapo. Nikisema sasa, wataniuliza kwa nini niliacha Dani alie miezi yote hii.

Basi. Ufungue mlango, dada. Lakini Bwana Zerafi asikatwe kichwa. Kuna swali moja halijaulizwa katika ile sebule kwa miaka tisini. Akiulizwa, atajibu. Ila wewe usiwadokezee. Ukiwadokezea halitakuwa na maana. Lazima mtu aulize mwenyewe.

Na wasipouliza? Basi watabaki vitini. Mimi nilibaki.

Okinyi


Kaloleni
Jumapili, 29 Juni 2025

Kwako kaka yangu Okinyi,

Pokea salamu za Baba na Mama. Za Dani ni ndefu, nitazifikia.

Barua yako ilifika Jumatano ya tarehe kumi na nane. Nilimaliza kuisoma nikaichoma jikoni, ili nisije nikaisahau mahali. Kisha nikawaambia wote kwamba Jumamosi mlango unafunguliwa.

Walikuja kumi na wawili. Sijui habari zilienea vipi. Fundi Wathome alitoa mabenchi mawili ya kanisa ambayo hajayapaka rangi, akatuonya tusiyakwaruze. Tulikuwa tumeketi tayari mlango ulipofunikwa na kivuli, na nani anaingia kama si Dani, na mkongojo wake. Alisema amekuja kuona hao mashetani. Wathome alimpa kiti chenye mito, kile cha mteja, akakaa kando ya jeneza la mwerezi bila hata kulitazama.

Nilipomwona nilivuta mfuko wa dadu karibu. Nikakumbuka maneno yako, nikasema polepole, kwa sauti niliyo nayo.

Nilitaka mshumaa, lakini fundi hakubali moto karibu na maranda, kwa hiyo nikasimamisha misumari sita mezani. Nikawaeleza: kila mtakaposhindwa naondoa mmoja. Ukiondoka wa sita, nyote ni wanakamati.

Wakaingia. Nikamimina chai isiyokuwepo. Nikawapa maneno ya wazee wale, boma, mpaka, gari, na nilijihadhari nisitaje hata jina moja la waliokaa kwenu. Tiffany hakungoja, akachomoa upanga na kurusha dadu. Ikatoka tatu. Upanga ukapita ndani ya Bwana Zerafi kama ndani ya mvuke, naye akamwomba radhi kwa kumsumbua. Msumari wa kwanza. Ng'ang'a akajaribu kuiba kitabu cha kumbukumbu za kikao, akakuta kila ukurasa umeandikwa sentensi moja: tutakutana kesho. Wa pili. Binamu zake wakajaribu kubeba kiti cha marehemu na mwenyewe akiwa juu yake. Wa tatu. Kawsar, ambaye mhusika wake ni tabibu, alijaribu kuwaombea wazee wapumzike, wakamjibu kwamba maombi yamo kwenye ajenda, nambari kumi na tisa. Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika chenyewe. Wa nne.

Kisha wakafanya jambo ambalo halikuwa katika mawazo yangu, na nadhani halingefanyika popote ila huku kwetu Eastlands, ambako kila msiba huundiwa kamati. Wakaunda kamati. Ndani ya kikao cha wafu, wakachagua kamati yao ya mazishi, Tiffany mwenyekiti na Ng'ang'a mtu wa usafiri, wakaanza kubishana kama jeneza lipitie daraja au msitu. Walibishana kwa bidii sana. Nami nikaona, kaka, kwamba walikuwa wanaongea sawasawa na wale wazee. Nikaondoa msumari wa tano bila kueleza sababu.

Ulibaki mmoja. Nikauliza, "Mnafanya nini?"

Nilimwona Ng'ang'a akinitazama usoni kutafuta dokezo, nikatazama msumari. Ulikuwa umenikataza. Nilihesabu pumzi zangu hadi kumi na moja, na ulimi uliniwasha kwa kutaka kuwaambia. Wathome akaangalia saa yake. Nikanyoosha mkono kuuchukua ule wa mwisho.

Waithera akainua kidole, kama darasani. Tangu Machi hakuwa amesema neno lolote mezani, alikuwa akirusha dadu anapoambiwa na kutikisa kichwa. Nikamwambia aseme. Alisema kwa sauti ndogo kuliko yangu, kiasi kwamba wote ilibidi wainame.

"Namuuliza huyo mzee. Wewe mwenyewe ungependa kulala wapi?"

Sikumwambia arushe dadu. Nikaweka mkono wangu mezani, nikasema kwamba Bwana Zerafi aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza katika miaka tisini. Nikasema alimtazama kwa muda mrefu, halafu akajibu, "Hapa. Chini ya dirisha, ambapo treni husikika. Nilikuwa nangoja mtu aulize." Nikasema wazee wakaweka vikombe chini, mmoja akasema, kumbe, na viti vikarudishwa nyuma vyote kwa pamoja. Wakatoka nje wakamchimbia kaburi kwa mikono yao. Kulipokucha nyumba ilikuwa nyumba tu, na mlango ulikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba randa ya Wathome ilikuwa imenyamaza muda wote. Kisha Tiffany akamkumbatia Waithera kwa nguvu hadi benchi likayumba, wakaanza kupiga meza, wote, kwa viganja, na misumari ikadunda huku na huku. Ng'ang'a alisema, "Amolo, wewe si mtu." Walipiga meza mpaka watu wakachungulia kutoka barabarani. Mimi nilikuwa nimesimama na sikutaka kuketi. Fundi alipofunga alichukua zile mbao za mvule zilizokuwa nje, akaanza kuzipima, akasema hazitaingia konani, zitakuwa meza ya pili.

Dani alikuwa bado kwenye kiti cha mito. Tulitembea kwenda nyumbani hadi kwenye mlango ule wa kijani, wa nyumba iliyokuwa yenu. Pale akasimama.

"Nilikaa katika kile kikao," akasema. "Tuliuliza boma, tuliuliza gari. Hatukuuliza yeye." Akatembea hatua kadhaa. "Okinyi akija Agosti, nitamuuliza kama babake aliwahi kusema neno. Mwandikie hivyo. Mwambie simuulizi kwa ubaya. Na mwambie nitamimina chai mimi mwenyewe, yeye aketi."

Hizo ndizo salamu zake. Sikumwambia kitu, kaka. Nilibana mfuko wa dadu kwapani tukaendelea na njia. Swali ni lake na jibu ni lako. Ila nilitaka ujue kwamba sasa limeulizwa.

Nikueleze nilichofanya baadaye. Jana asubuhi nilikwenda karakana, nikachukua dadu ya mbao, ile inayopenda saba, kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu wako anastahili kuona mchezo kwa macho yake, na huko mabwenini hamkosi watu watano. Niliifunga ndani ya maranda na karatasi ya kaki. Nikaenda posta, nikasimama kwenye foleni nyuma ya watu kama kumi na watano. Zamu yangu ilipofika, mama wa dirishani aliniuliza kifurushi kina nini. Nikamwambia ni dadu ya mchezo wa kusimulia hadithi za kutisha, namtumia kaka yangu, na kwamba msimulizi wa Kaloleni ni mimi. Mzee aliyekuwa mwisho wa foleni, karibu na mlango, akauliza huo mchezo huchezwa wapi. Nikageuka nikamwelekeza.

Dada yako,
Amolo